Wimbo Ulioachwa kwa Juma Lijalo



Juma hili nimesikiliza albamu moja mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Inaitwa Maisha, nayo ni albamu ya kwanza ya The Zawose Queens, yaani Pendo Zawose na Leah Zawose. Ilitolewa mwaka 2024 na kampuni ya Real World Records ya Uingereza. Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Kondoa aliniletea katika simu yake baada ya mazoezi, akaniambia, "Baba, wasikilize hawa. Ni majirani zetu, Wagogo."

Jina la Zawose si geni kwa wengi wenu. Marehemu Hukwe Zawose, baba yake Pendo na babu yake Leah, alizaliwa Ugogoni mwaka 1938. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alivutiwa na uimbaji wake, naye akaitwa Dar es Salaam kulitumikia taifa kwa kipaji chake. Baadaye aliishi Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa, na aliipeleka ilimba na zeze ya Kigogo mbele ya watu wa mabara mengi. Alifariki mwezi Desemba 2003.

Lakini katika muziki huo uliosifiwa duniani, kina mama kwa kawaida walikuwa nyuma. Waliitikia na walicheza. Aliyeuanzisha wimbo na kushika ilimba alikuwa mwanamume. Hata hivyo Wagogo wana muheme, ngoma ambayo wanawake wenyewe huishika kati ya mapaja na kuipiga kwa nguvu ya kushangaza. Uwezo wao haukuwa na shaka. Kilichokosekana ni nafasi ya kutangulia.

Ndiyo maana uteuzi wa nyimbo za albamu hii umenigusa. Mtoto wa mtu mashuhuri anapotoa kazi yake ya kwanza, njia rahisi ni kumfuata mzazi hatua kwa hatua, na watu watampigia makofi kwa kumkumbuka marehemu. Pendo na Leah walikwenda kwa njia yao. Wimbo mmoja umepewa jina la ngoma yenyewe, "Muheme". Mwingine unaitwa "Kuseka", neno la Kigogo lenye maana ya kucheka. Wameimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na mahali pengine wamekubali vyombo vya kisasa vikae pamoja na vile vya mababu. Humo sauti ya mwanamke ndiyo inayoanza, na wengine ndio wanaoitikia.

Niliposikia hayo, nilimkumbuka shangazi yangu, nami sina budi kuwaeleza jambo ninaloliona aibu.

Shangazi alikuwa mwimbaji. Hakuna aliyemwita hivyo, kwa kuwa aliimba akisaga mtama, akibembeleza wajukuu, na akiwa msibani usiku wa manane. Aliimba Kirangi cha zamani, chenye maneno ambayo hata mimi niliyalazimika kuyauliza. Siku moja nilimtembelea nikiwa na simu mpya. Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniambia, "Mwanangu, nasikia hicho kidude kinashika sauti. Keti, nikuimbie zile tatu za mama yangu." Nilikuwa na haraka. Nilimjibu, "Juma lijalo, shangazi." Akacheka, akanifungia mayai katika kitambaa, nikaondoka.

Juma lililofuata nilikuwa na shughuli nyingine, na lililofuata hali kadhalika. Kabla ya mavuno alikuwa amefariki. Msibani niliwauliza binti zake kuhusu zile nyimbo tatu. Mmoja alikumbuka mwanzo wa wimbo mmoja, kisha akanyamaza, akalia. Nami nililia, ingawa machozi yangu yalikuwa na sababu mbili.

Ndugu zangu, sisi wa Kondoa tunajua jambo hili kuliko wengi. Kule Kolo kuna michoro ya kale juu ya miamba, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Rangi imedumu juu ya jiwe kwa vizazi visivyohesabika, lakini hakuna awezaye kutuambia waliochora waliimba nini. Sauti haikai juu ya mwamba. Hukaa ndani ya mtu, na mtu huyo akiondoka bila mwanafunzi, nayo huondoka.

Tusijitetee kwa kusema kwamba nyimbo hizo ni za kijijini, hazistahili mbele ya watu. Tangu mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, ulielekeza kwamba muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi inayoustahili. Ikiwa Kanisa limesema hivyo, kwa nini mimi nilimwambia shangazi asubiri? Na kwa nini katika kwaya yetu kina mama, walio wengi, bado wanangoja mwanamume aanzishe ndipo waitikie?

Jumamosi hii, baada ya mazoezi, bibi watatu wamekubali kuja kuketi nasi. Mmoja ni Mrangi, mmoja Msandawe, na mmoja ni Mgogo aliyeolewa huku. Nimewaomba wachague wenyewe nyimbo watakazoimba, na waanzishe wenyewe. Vijana waje na simu zao, na mabinti waje na masikio yao, kwa maana kushika sauti katika simu si sawa na kuujua wimbo. Nami nitakuwepo mapema, sitakuwa na haraka.

Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee ambaye bado anaimba, usimwambie juma lijalo.