Hiki Mbona Chagawiwa Bure?

Mjomba alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Nakuru, na wateja wake wengi walikuwa wanafunzi wa Egerton. Kompyuta zake zilitumia programu zilizonakiliwa kwa wizi. Nilipomshauri aweke OpenOffice, akanicheka: "Kizuri chajiuza, mpwa wangu. Hiki mbona chagawiwa bure?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja pale virusi vilipomeza tasnifu yangu katika kompyuta zizo hizo zisizosasishwa: cha wizi nacho kina bei.

Sidai kwamba programu huria haina gharama. Karani sharti afunzwe, na majedwali ya wateja huenda yakavurugika. Hata hivyo, fedha za leseni hubaki ofisini, zikamlipa fundi wa papa hapa. Isitoshe, yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili; na mwaka 2010 LibreOffice ikachipuka kutoka shina lilo hilo.

Mjomba alitaka hoja ya biashara. Hoja ni hii: mfanyabiashara asiyeruhusiwa kutengeneza chombo chake ni mpangaji tu. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tukikaa kando, tutapangishwa hata msamiati.