Uji, Fimbo na Akili ya Mtoto

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tulilelewa nayo, nasi tulipojaliwa watoto tukaifanya sheria ya nyumba. Asubuhi moja mwanetu wa miaka mitano aliukataa uji wake, akilia kwamba nduguye amepewa mwingi zaidi. Tulikuwa tumewapimia kwa upawa ule ule, ila wake ulikuwa katika bakuli pana na wa nduguye katika kikombe kirefu chembamba. Tulimweleza, naye akashikilia neno lake. Tukamwita mwongo na mlafi, tukamchapa.

Miaka ilipita ndipo tuliposoma habari za Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980. Yeye aliwamiminia watoto maji kutoka chombo kipana hadi chembamba, mbele ya macho yao, akawauliza kama yameongezeka. Wengi wa umri chini ya miaka 7 hivi walijibu kwamba yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Hawakusema uongo, walisema kadiri akili ya umri wao ilivyowaonyesha.

Fikra hizi zina asili yake katika falsafa. Mwingereza John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1690, aliifananisha akili na karatasi nyeupe inayoandikwa na yale mtu anayokutana nayo. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alidai katika Émile kwamba utoto una njia zake wenyewe za kuona na kufikiri. Mwaka 1921 Piaget alianza kazi mjini humo humo, katika taasisi yenye jina la Rousseau. Baadaye alifundisha kwamba mtoto hujijengea maarifa hatua kwa hatua, kwa kutenda. Wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba baadhi ya hatua hizo huja mapema kuliko alivyodhani.

Hata hivyo elimu peke yake haitoshi. Rousseau huyo huyo alikiri kwamba watoto wake watano aliwapeleka katika nyumba ya watoto waliotupwa, mjini Paris.

Basi methali yetu haikukosea. Tuliokosea ni sisi wakunjaji, tuliokunja bila kumtazama samaki. Mwalimu asikiapo jibu la ajabu darasani, na aulize kwanza: mtoto huyu ameona nini?

Mwanetu sasa ni mtu mzima. Juzi tulimwomba radhi. Alicheka, akasema kwamba uji haukumbuki, anaikumbuka fimbo.