Si Kila Uvimbe ni Busha

Ndugu msomaji, jambo ninalokusudia kulieleza leo ni la sitara, na katika nyumba nyingi za pwani hutajwa kwa sauti ya chini, tena watoto wakiwa wamekwisha ondoshwa barazani. Uniwie radhi, basi, ikiwa unausoma ukurasa huu mbele ya wakwe zako. Nimeona heri nivae haya mimi kuliko kunyamaza, maana kunyamaza kwetu kulikaribia kumwua mdogo wangu.

Sisi ni watu wa Mafia. Mdogo wangu alikuwa mkwezi wa minazi, na kwa kazi hiyo alimlisha mkewe, watoto wake watatu na mama yetu. Alipokuwa na umri wa miaka 31 aliona korodani yake ya kulia imeanza kuvimba. Haikumwuma. Hakushtuka, wala sisi hatukushtuka, kwa kuwa kisiwani petu uvimbe wa mahali hapo umekwisha pewa jina zamani: busha. Babu yetu alikuwa nalo, na jirani yake pia. Na wazee kadhaa tuliokuwa tukiwaamkia utotoni waliketi barazani wamelaza kanzu kwa namna ambayo kila mtu aliijua sababu yake, na hakuna aliyethubutu kuiuliza. Wengine husema busha huletwa na madafu, kwa hiyo utani haukukosekana: mkwezi amekunywa mali ya tajiri, sasa mali inamdai.

Madafu hayana hatia. Busha la pwani aghalabu huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ambayo huenezwa na mbu na kukaa katika mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8. Minyoo hiyo huzaa vijidudu vinavyojitokeza katika damu wakati wa usiku, saa zile zile mbu wanapouma. Ndiyo maana wapimaji walikuwa wakibisha hodi usiku wa manane kuomba tone la damu. Nawe mwananchi wa pwani unajua mtu wa namna hiyo angeitwa nani. Matende na mabusha yalikuwa yameishika Mafia barabara, hata mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulipoanza mwaka 2000, kisiwa chetu ndicho kilichotangulia kugawiwa dawa, yaani aivamektini na albendazoli. Dawa hizo huua vijidudu na kukata maambukizo, lakini busha lililokwisha jaa maji haliondoki kwa vidonge. Huondoka kwa kisu cha daktari. Mdogo wangu alikuwa amemeza vidonge hivyo mara kadhaa tangu akiwa mvulana. Jambo hilo peke yake lingaliweza kututia shaka, lakini nani alikaa akafikiri?

Hapa lazima nikiri kosa langu. Aliponipigia simu nilikuwa Dar es Salaam, na maneno yangu nayakumbuka yote. Nilimwambia, "Busha haliui mtu. Maliza kwanza kuangua nazi za mzunguko huu, kisha utakwenda kukatwa." Zahanati aliyokwenda nayo ilimwambia hilo hilo, wala hakuna aliyemwambia avue nguo ili atazamwe. Mtu mwingine akajitolea kumvuta maji kwa sindano nyumbani kwa malipo kidogo. Mama ndiye aliyekataa. Hakuwa na elimu ya tiba. Alisema tu kwamba hapendi sindano inayochomwa gizani.

Mizunguko mitatu ya nazi ikapita. Mdogo wangu akawa anajifunga kitambaa cha pili ndani ya nguo ili aweze kulikumbatia shina. Kisha mgongo ukaanza kumwuma, hasa usiku. Mgongo wa mkwezi ukiuma, ndugu msomaji, nani atatafuta sababu nyingine?

Alipofika hospitalini Kilindoni, daktari alifunga madirisha na kuweka kurunzi nyuma ya ule uvimbe. Kipimo hiki ni cha zamani, nacho hakina gharama. Ndani pakiwa na maji matupu, mwanga hupenya, na mfuko wote hung'aa mwekundu kama kandili iliyozungushiwa karatasi. Uvimbe wa mdogo wangu uling'aa upande wa mbele, lakini nyuma palikuwa na giza. Daktari akaubonyeza polepole, akasema, "Maji yapo, lakini yamezunguka kitu." Hakujidai kujua kitu hicho ni nini. Alieleza kwamba kurunzi si hakimu: busha kuukuu lenye ngozi nene nalo huzuia mwanga, na ngiri ya utumbo nayo huweza kumdanganya mtu. Akaandika barua ya kumpeleka Muhimbili. Naheshimu mno lile neno lake, "sijui". Lingalisemwa mapema zaidi, tungaliokoa miezi mingi.

Muhimbili walimpiga picha ya mawimbi ya sauti, wakampima damu. Mojawapo ya vitu walivyovitafuta katika damu ni kile kinachoonekana kwa mwanamke mjamzito, kwani baadhi ya uvimbe wa korodani hukitoa. Mdogo wangu alipoelezwa hayo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tuvuke bahari. Kisha korodani ilitolewa nzima kwa kupasuliwa kwenye kinena, si kwenye mfuko wake. Maana kuuchoma au kuupasua mfuko huweza kuufungulia ugonjwa njia mpya. Niliposikia hayo niliikumbuka ile sindano ya gizani.

Nyama yake ilisomwa kwa darubini, na jibu likawa kansa ya korodani, ugonjwa ulio nadra sana kwa Waafrika. Mgongo nao haukuuma kwa sababu ya minazi. Korodani huanzia juu tumboni, karibu na figo, mtoto akiwa bado katika mimba, ndipo ikashuka. Kwa hiyo kansa yake hupanda kurudi huko ilikotoka, katika tezi za limfu zilizo mbele ya uti wa mgongo. Huko ndiko ilikokuwa imefika.

Nchini Uganda, mwaka 1957, daktari Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya, na baadaye akatambua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliokuwa ukipewa majina mbalimbali, ni maradhi mamoja. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: jina lilikuwa moja, nasi tuliweka kila kitu chini yake.

Tulipelekwa Ocean Road, taasisi ya kansa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Dawa iliyomsaidia mdogo wangu huitwa sisplatini, nayo imetokana na madini ya platini. Kabla ya daktari Larry Einhorn kuichanganya na dawa nyingine huko Indiana, Marekani, mwaka 1974, wengi waliofikia hali yake walikufa. Siku hizi wengi huponywa. Alitapika, akanyonyoka nywele, akachukia hata harufu ya samaki, yeye mtu wa Mafia! Lakini zile tezi zilisinyaa.

Hapandi tena minazi. Sasa huhesabu nazi wanazoziangua wenziwe. Kuhusu ile simu hajanilaumu hata mara moja, nami sijapata ujasiri wa kuitaja. Kila baada ya miezi kadhaa humbidi avuke mpaka Nyamisati, kisha apande basi kwenda kupimwa Dar es Salaam. Kusi iliyopita bahari ilichafuka, naye akasema safari hiyo ataiacha, kwani hana maumivu yoyote. Mama hakujibizana naye. Alizikunja nguo zake, akazitia mkobani, akauweka mkoba mlangoni, kisha akaketi juu yake mpaka alfajiri.