Baridi ya Rahisi

Marehemu baba alituachia Mercedes ya mwaka 1982. Juzi mtambo wake wa baridi ulipungua gesi. Gesi yake ya asili, R-12, haitengenezwi tena: hula tabaka la ozoni na hukaa angani kiasi cha miaka 100. Mkataba wa kuidhibiti ulitiwa saini Montreal mwaka 1987.

"Mzee wangu, tia hii ya jamii ya gesi ya kupikia," fundi akanishauri. "Ni rahisi, na baridi yake kali." Kweli, lakini huwaka. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha. Nikawakumbuka wajukuu wanaoketi nyuma.

Nikachagua R-134a. Mabaki ya gesi ya zamani yakavutwa mtungini, yasiachiliwe hewani. Mafuta ya kompresa yakabadilishwa, kwani ya zamani hayachanganyiki na gesi hiyo. Mipira na kichungi cha unyevu vikatiwa vipya. Gharama iliniuma, na baridi imepungua kidogo. Nayo ina ila yake: haili ozoni, bali ikivuja huzidisha joto la dunia.

Lakini nalala usingizi. Raha yangu isiwe hatari ya mwenzangu, wala ya asiyezaliwa bado.