Nilivyomkuta Jumong Ngokolo

Mtu wa Tanga akitajiwa Shinyanga huwaza almasi ya Mwadui, kisha ng'ombe, kisha vumbi. Nami nilipanda basi na mawazo hayo hayo. Kwa upande wa bara nilikuwa sijawahi kuipita Moshi, na safari hii nilikuwa nakwenda kumwona shangazi yangu, aliyeolewa Ngokolo, mjini Shinyanga, tangu mimi sijaanza shule.

Singida nilibadili basi. Tulipoteremka Sekenke, mbuga ya Wembere ikatandaa mbele yetu, tambarare mpaka macho yakachoka, nikatafuta hata mnazi mmoja nisiuone. Abiria wenzangu hawakuwa na habari na dirisha. Macho yote yalikuwa kwenye runinga iliyoning'inizwa nyuma ya dereva, ambako mwanamume aliyefunga nywele utosini alikuwa anavuta upinde. Juu ya Kikorea chake ilipanda sauti ya mtafsiri wetu, anaeleza, anatania, anamtukana adui kwa niaba ya basi zima. Hilo halikunishangaza, maana sauti ya mtafsiri wa muvi Lufufu nimekua nayo. Nilichoshangaa ni mama wa pembeni yangu, ambaye tangu Singida hakuwa amenisemesha. Alinigeukia ghafla: "Mwanangu, wewe unaonaje? Yule mke wa kwanza atarudi?"

Nilimjibu kwamba sijui hata yule wa pili ni nani. Alinitazama kwa huruma.

Ngokolo niliingia jioni kwa bajaji, tukipita karibu na kanisa kuu la Wakatoliki. Shangazi alinipokea kwa maji ya kuoga na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vikachemshwa na karanga. Sijamaliza kula, runinga ikasogezwa dirishani na kugeuziwa uani, na majirani wakaanza kuingia na viti vyao. Wa kwanza alikuwa mzee mnunuzi wa ng'ombe mnadani, fimbo mkononi. Shangazi akainama kidogo: "Mwadila, baba." Mzee akaitika kwa sauti nzito, akachagua kiti cha mbele. Wakafuata fundi cherehani, mama lishe wa stendi na vijana wa bodaboda.

Nilistaajabu. Kwetu tamthilia ni mambo ya ndani. Barazani wanaume wanabishania Coastal Union na African Sports, na atakayeonekana anafuatilia mapenzi ya Wakorea atapachikwa jina hadi azeeke nalo. Hapa mzee wa mnadani ndiye aliyekuwa anadai watu wanyamaze.

Tamthilia ilikuwa ile ile ya basini. Walinieleza kesi yenyewe kwa zamu, wakikatizana. Jumong, stelingi, alipendana na Soseono, binti wa tajiri mwenye misafara ya biashara. Jumong akaumia vitani, habari zikaja kwamba amekufa, na Soseono akaolewa na Wootae. Kumbe Jumong yu hai, ameuguzwa na binti aitwaye Ye Soya. Akamwoa huyo, naye Soya akamzalia mtoto, Yuri. Baadaye ikasemekana Soya na mtoto wamekufa. Wootae naye akafa. Wapenzi wa zamani wakaoana. Sasa watazamaji wanajua asichokijua Jumong: Soya yu hai, anahangaika na mwanawe mafichoni. Akijitokeza itakuwaje?

"Soya ndiye mke mkubwa," shangazi alisema. "Aliyekuosha vidonda huna mbele wala nyuma, huyo ndiye mke."

Mama lishe akakataa. Soseono alitangulia kupendwa, na jeshi limekula chakula chake. Hawezi kuwekwa nyuma.

Mzee akagonga fimbo chini. "Mnasema mapenzi, mapenzi. Ng'ombe wako wapi? Kwa kina Soya hakupeleka hata ndama. Mtoto ambaye hajatolewa ng'ombe ni wa ujombani. Huyo Yuri hatakuja kwa baba yake, na mtaniambia."

Fundi cherehani alikuwa kimya, anakodolea macho nguo. Vazi lao la kike linaanzia juu ya kifua na kumwagika hadi miguuni kama dera, na yeye alikuwa analisoma mshono kwa mshono. "Soya wamemchakaza mno," akatoa hukumu. "Mtu waliyempangia kiti cha malkia wasingemvika kitambaa kile. Huyu atafia njiani."

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameimaliza sizoni yote. Adhabu yake ilikuwa kukaa nje ya uzio wa minyaa, na kila alipocheka peke yake huko gizani, watu wa uani walimrushia maganda ya karanga.

Asubuhi nilikwenda Mitumbani kuitafuta maktaba ya muvi. Ni kibanda chenye kompyuta moja na picha za mastaa kuanzia juu hadi chini. Mwenye nacho hujaza flashi za wateja huku akijibu maswali bila kugeuka. Jumong, alinieleza, ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007, sehemu 81, na stelingi wake anaitwa Song Il-gook. Nikamuuliza kwa nini kitu cha zamani hivyo bado kinatoka. "Kaka, mteja wangu haulizi kama ni nzuri. Anauliza ni ndefu kiasi gani." Jumong mwenyewe, kwa simulizi za Wakorea, ndiye mwanzilishi wa dola ya Goguryeo, mwaka 37 kabla ya Kristo.

Nje ya kibanda hicho mzee mmoja alikuwa ananoa mapanga, naye hakuwa na shida na wake wa Jumong. Aliyemteka ni Mopalmo, mhunzi anayehangaika usiku na mchana kupata upanga wa kushindana na ule wa jeshi la Wahan. Alinikumbusha Warongo wa upande wa Geita, waliokuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyolimiwa Usukumani. "Hadithi nzima ni chuma," alisema akijaribu makali kwa kidole gumba. "Mwenye mhunzi ndiye mwenye nchi."

Hatua ya mwisho ilikuwa Geita, kwa binamu yangu aliyeko machimboni. Nilipitia Mwanza, tukavuka ziwa kwa Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Wenzangu kwenye basi walikuwa wanasimulia foleni za kivuko. Mimi mzaliwa wa pwani nilikuwa nimebandika uso kwenye kioo, maana maji nimeyajua nikiwa ndani ya mashua, si juu ya matairi.

Nyarugusu ilinipokea kwa mngurumo wa makarasha yanayosaga mawe na vumbi jeupe kwenye nyusi za kila mtu. Usiku binamu akanipeleka kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, wachimbaji waliotoka shimoni na tochi bado kichwani. Hawa Jumong walishaimaliza, wakaingia nyingine, lakini nilipoitaja tu kesi ya Ngokolo, benchi zima likanigeukia.

"Soseono ni mfadhili," alisema mmoja, kama anayemfundisha mtoto. Kwao mfadhili ndiye anayelisha wachimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, ananunua matimba na kamba kabla dhahabu haijaonekana hata punje. Mwamba ukikubali, viroba vya mawe vinagawanywa kila mtu na fungu lake. "Mali ya Soseono ndiyo iliyolisha duara. Mke wa kwanza akarudi na mrithi. Mfadhili hakai kwenye duara lenye mgogoro wa mgao. Anachukua watu wake anakwenda kufungua lingine. Sisi tulilijua mapema."

Na ndivyo ilivyokwisha. Soya na Yuri walirudi, na Soseono akaondoka kwenda kusini na wanawe Biryu na Onjo; huyo Onjo ndiye anayesimuliwa kuanzisha dola ya Baekje mwaka 18 kabla ya Kristo. Uani kwa shangazi waliuliza nani mke, mnadani wakauliza ng'ombe, cherehani ikauliza kitambaa. Walioshinda kutabiri ni wale waliouliza nani aligharamia.

Nikajaribu kutetea upande wa mapenzi: "Lakini si alimpenda?"

"Alimpenda sana," yule mchimbaji akajibu. "Ndiyo maana hakudai fidia."

Usiku ule ule nilimpigia simu shangazi, ulimi unaniwasha. "Shangazi, shikamoo. Yule Soseono..."

"Koma hapo hapo! Nauli yako ya kurudi Tanga ninayo mimi."