Rangi ya Gari la Baba



Wengi mnatujua kwa nguo za harusi tunazoshona. Leo tunakuja na habari ya gari, na mtaona mwisho wake haiko mbali na cherehani.

Marehemu baba, Allah amrehemu, alituachia Peugeot 404 ya buluu. Gari za aina hii zilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na wazee wa mtaani wakiliona bado husimama kulitazama. Kila Ijumaa asubuhi baba alikuwa akiliosha kwa mkono wake kabla ya kwenda msikitini. Alipofariki, sisi dada wawili tukaanza kulikodisha kwa mabiharusi, kwa idhini ya Mama.

Katika harusi moja tulibandika maua na utepe kwa selotepu. Gari likashinda juani. Jioni tulipobandua, selotepu ikatoka na rangi kwenye boneti, kiasi cha kiganja. Tukaingiwa na hofu. Badala ya kumwambia Mama, tukalifunika kwa turubai la plastiki, tukasema tunakinga vumbi. Plastiki ikafungia unyevu, na rangi ikaanza kufifia madoa madoa. Kosa juu ya kosa.

Siku moja Mama akafunua mwenyewe. Hakugomba. Alipapasa pale palipobanduka, akasema, "Mngeniambia tu, wanangu." Maneno hayo yalituuma kuliko angetupigia kelele.

Fundi wa kwanza alitaka gari zima lipigwe msasa na kupakwa upya. Mama akakataa, kwa sababu rangi ile ndiyo aliyoisugua baba. Tukampata mzee mmoja wa rangi. Alisugua pembeni kidogo kwa kitambaa cheupe, kikatoka na buluu. Tulishtuka, naye akacheka. Akatueleza kwamba rangi kama hii ya zamani haina lile tabaka la juu lisilo na rangi, kama gari za siku hizi. Jua na hewa huikausha uso wake ukawa kama unga. Polishi huondoa unga huo na mng'ao hurudi, lakini kila ukisugua unapunguza rangi yenyewe. Ikiisha, imeisha.

Basi hivi ndivyo tunavyolitunza sasa:

Vumbi hatulifuti kavu, maana mchanga hukwaruza. Tunamwagia maji baridi kwanza, kivulini, kisha sabuni laini ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia hatuitii, inakausha rangi. Likitoka njia ya pwani, tunaondoa chumvi kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo na kulikausha kwa kitambaa laini cha pamba. Mavi ya ndege tunayalowesha mpaka yalainike, hatuyakwangui.

Polishi ni mara chache, kwa mkono, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Nta ndiyo tunayopaka mara kwa mara, kwa sababu yenyewe inakinga bila kukwangua. Turubai la plastiki tumelitupa. Tumeshona kifuniko cha pamba kinachopumua, na gari halifunikwi likiwa na maji au vumbi.

Pale palipobanduka, mzee alitia rangi hapo tu. Ukikaribia utaona kiraka. Tumekiacha.

Na wewe biharusi, selotepu hatutumii tena. Tumeshona mikanda ya satini yenye kamba za kufunga kwenye bampa na vitasa, na ndani yake tumetia kitambaa laini. Ukitaka kupiga picha, simama karibu na gari, usiegemee boneti. Shanga na mawe ya gauni lako yanakwaruza kama msasa.

Mdogo wetu aliolewa mwezi uliopita na akapanda gari hilo. Kabla ya kuingia, Mama alimshika mkono, akamwonyesha kile kiraka. "Kikiharibika kitu ndani ya nyumba yako," alimwambia, "mwambie mwenzio mapema, kabla hamjakifunika."

Tulichoachiwa na wazee wetu ni amana. Allah atujaalie tuzitunze amana zetu, na atupe ujasiri wa kusema kweli tunapozikosea. Amin.