Bustani ya Nyumbani Kabla ya Mvua ya Kwanza

Mwezi wa Septemba, wakati wakulima wa Ulaya wanapovuna maboga yao ya mwisho na kuzifunga bustani wakiingojea baridi, mjini Bujumbura mambo huwa kinyume kabisa. Kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, kimekwisha kuinyonya ardhi ya bonde la Imbo tangu mwezi wa Juni. Vumbi limelala juu ya majani ya miembe, na milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika imefichwa na ukungu mkavu. Hapo ndipo mwaka wa bustani unapoanza. Agatasi, yaani msimu wa kwanza wa mvua, u karibu, na kazi itakayoamua kama watoto watakula mboga mwezi wa Novemba ni ile inayofanywa sasa, jembe likiudunda udongo uliokauka kama tofali.

Kwa familia za askari na polisi jambo hili lina uzito wake. Mshahara huja mara moja kwa mwezi, lakini chungu huwekwa motoni kila siku. Kabichi na karoti zinazoliwa mjini huteremka kutoka milimani, nyingi zikipitia soko la Bugarama, pale barabara ya Kayanza inapoachana na ile ya Gitega. Hushuka kwa malori na kwa baiskeli, na kila mara mafuta ya petroli yanapoadimika, kama yalivyoadimika mara nyingi katika miaka hii ya karibuni, fungu la sokoni hupungua ukubwa huku bei yake ikipanda. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Burundi walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, na si kweli kwamba lengalenga peke yake litaziondoa. Hata hivyo, mtoto apataye majani mabichi na maharagwe mara nne kwa juma hawi sawa na yule alaye ugali na mchuzi wa chumvi.

Mfikirie basi mke wa koplo aishiye katika nyumba yenye ua wa hatua sita kwa nne. Wa namna yake ni wengi, kutoka Kanyosha hadi Kinama. Jirani zake huiita sehemu hiyo akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni, na jina hilo lafaa kwa sababu bustani ya namna hii hulimwa kwa yale yatokayo jikoni: majivu, maganda ya ndizi, na maji yaliyosuuziwa mchele. Wakati wa kiangazi alipanda mboga zake ndani ya vishimo vipana vyenye kingo, ili kila kopo la maji libaki penye mizizi. Alifanya vyema. Lakini vishimo hivyohivyo, mvua ikianza kupiga, hugeuka kuwa vidimbwi, na mizizi iliyookolewa na kiu hufa kwa kuzama. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kuipindua bustani: pale palipokuwa chini papande juu. Huinua matuta kwa kimo cha shubiri moja, huyalaza kukingama na mteremko, na kati ya tuta na tuta huacha mfereji.

Kazi hii wengi huiahirisha. Husema, “Na inyeshe kwanza udongo ulainike.” Kauli hiyo ina ladha ya busara, lakini ndiyo inayowatia watu hasara. Udongo ukishalainika magugu nayo yamekwisha kuamka, na mvua za Bujumbura haziji kwa adabu. Februari 2014 maji ya usiku mmoja yaliangusha nyumba na kuua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji, na kingo za mto Ntahangwa zimekuwa zikimeguka mwaka hata mwaka. Mfereji wa bustani hauwezi kuzuia gharika ya namna hiyo. Waweza hata hivyo kuyatenga maji ya paa la nyumba yasizoe mbegu zote kwa saa moja. Mfereji huo usielekezwe kwa jirani wa chini, maana ugomvi wa maji kati ya nyumba mbili hudumu kuliko msimu wenyewe. Uunganishwe na mtaro wa mtaa, na mtaro usafishwe katika kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi.

Matuta yakisha kuinuliwa, hutiwa mboji. Aliyeanza kurundika takataka za jikoni mwezi wa Juni, akizichanganya na majani makavu na kuzinyunyizia maji kidogo, sasa anayo mboji nyeusi isiyonuka. Asiyekuwa nayo atafute samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche na huleta funza wa kukata mashina.

Baada ya hapo huja kitalu. Nyanya chungu, ambazo mjini huitwa intore, pamoja na biringanya na pilipili, husiwa mwanzoni mwa Septemba chini ya kivuli cha makuti au nyasi, na humwagiliwa asubuhi na jioni. Miche hukaa humo majuma matano au sita, hata mvua ikishika yenyewe imekomaa kuatikwa. Lengalenga halihitaji kitalu. Mbegu yake ni ndogo kuliko ya ulezi, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili isianguke mahali pamoja, kisha hufukiwa kwa udongo mwembamba sana. Katika majuma matatu au manne linachumwa, na likikatwa juu kidogo ya ardhi huchipua tena. Matembele ni rahisi zaidi, ila yana sharti moja: lazima marando yawe yamenusurika kiangazi. Mama mwenye akili huyaweka karibu na mahali pa kuoshea vyombo, ambapo udongo haukauki kamwe, na mvua ya kwanza ikinyesha huyakata vipande vya urefu wa mkono na kuvipanda.

Nyanya zataka maneno mengi zaidi, kwa sababu ndizo zinazowavunja watu moyo. Mche hustawi, huchanua, kisha siku moja ya jua kali hunyauka ukiwa bado kijani, na kesho yake umekufa. Wengine hudhani ni kiu, wakaongeza maji. Wengine humshuku jirani. Kata shina la mche huo na ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye jeraha, huo ni ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria wakaao udongoni, na hakuna dawa ya dukani iutibuyo. Mche ung'olewe pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto. Tena mahali hapo pasipandwe nyanya, wala intore, wala biringanya, wala pilipili, wala viazi ulaya kwa muda wa miaka kadhaa, kwa maana zote hizo ni ukoo mmoja na huuguana. Papandwe mahindi, au vitunguu, au lengalenga. Katika ua wa hatua sita kwa nne agizo hilo ni gumu, na ndiyo sababu wengi wamehamisha nyanya zao katika magunia yaliyojazwa udongo mgeni, wakisimamisha katikati nguzo ya kokoto ili maji yapenye hadi chini.

Kuhusu maji, tahadhari moja haina mjadala. Bomba likikauka, maji ya mtaro na ya mito ipitayo mjini huwa kishawishi. Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura na kandokando yake, na mboga za majani zilizomwagiliwa maji machafu ni miongoni mwa njia ambazo ugonjwa huo hupitia hadi mezani. Afadhali tuta moja lililomwagiliwa maji safi kuliko matuta matano yaliyonyweshwa mtaroni. Na hata mboga za nyumbani zioshwe vizuri na kupikwa.

Sasa liko jambo ambalo mkulima wa kawaida halijui, na mke wa askari analijua mno. Barua ya uhamisho haitazami kalenda ya bustani. Yaweza kufika Oktoba, miche ikiwa imeshika juzi tu. Katika miaka ambayo vikosi vya Burundi vilipelekwa Somalia, kuanzia Desemba 2007, akina mama wengi walibaki kulima peke yao. Wengine wameiacha bustani nzima nyuma ya nyumba na kupanda gari pamoja na watoto na magodoro. Ndipo husikika maneno haya, mume akimwona mkewe ameinama juu ya tuta:

“Mama watoto, wajichosha bure. Huenda tukaondoka kabla hujachuma.”

“Baba watoto, intore ulizokula jana alizipanda nani? Tulizikuta.”

Naam, alizikuta. Aliyetangulia katika nyumba ile aliacha miche minane ya intore na shina moja la mpapai, na hawakuwahi kuonana.

Kwa hiyo mbegu ndiyo mali apaswayo kuitunza kuliko zote. Kati ya mashina ya lengalenga huchagua matatu yaliyo makubwa na yasiyo na ugonjwa, akayafunga uzi mwekundu ili watoto wasiyachume, na kuyaacha yazae. Shinikizo la kuyala huwa kubwa, hasa katika juma la mwisho wa mwezi. Mbegu zikiwa nyeusi na zikipukutika zisuguliwapo kiganjani, hukata vichwa, huvianika kivulini juu ya kanga kuukuu, huvipiga, huvipepeta, na kuzitia mbegu katika chupa kavu pamoja na majivu yaliyochekechwa. Chupa mbili zatosha. Ya kwanza husafiri naye katika mfuko wa nguo za watoto, palipo salama kuliko kwenye masanduku. Ya pili humkabidhi mama wa nyumba ya jirani, ambaye atamwonyesha mpangaji ajaye matuta yaliko, na ni lipi kati yake lisilopandwa nyanya.